Chumba Kilichonyimwa Joto

Ndugu zangu wa mji wa Taebaek, mnaosema mimi, fundi Tak, siku hizi nanuna, sikilizeni niwaambie kwa nini.

Nyumba ya Hwan-gi, dereva wa lori la mbao, ilikuwa nyumba ya kupendeza. Siku niliyoingia na vifaa vyangu, mwezi wa Novemba, mama yake, Bibi Bun-rye, alikuwa amekaa sakafuni akipaka kabichi pilipili, na mke wa Hwan-gi, Mi-gyeong, akimsaidia. Wakanilisha kipande kwa mkono. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidhibiti joto vipya, kila chumba na chake, ili maji moto yapitayo chini ya sakafu kupasha vyumba joto yaamriwe kwa simu.

Nikiwa chini ya sinki, naunganisha nyaya za vali, Mi-gyeong akachutama karibu yangu.

"Fundi, cha Mama kifunge. Kisibonyezeke ukutani. Kitii simu yangu tu."

"Na akisikia baridi?"

"Ataniomba." Akatabasamu. "Nilipoolewa hapa alinilaza chumba cha uani, katikati ya barafu ya Januari, na makaa akayafungia. Nikamwomba. Akaniambia, 'Bibi harusi mwenye bidii hasikii baridi.' Miaka ishirini na sita, fundi, sijasahau hata neno."

Ningeweza kukataa. Nilijiambia ya nyumba ni ya wenye nyumba, nikaweka kufuli, nikaenda zangu.

Januari ilipoingia, kila Hwan-gi akitoka, Mi-gyeong alizima chumba kile. Akisikia honi ya lori, anakiwasha. Bibi alipobonyeza kidhibiti bila jibu, mkwewe alimwambia, "Mama, mwenye bidii hasikii baridi. Chukua kitambaa usugue sakafu." Kisasi ni kitamu jamani, nisiwadanganye. Mwenyewe alikuja kuniambia kwamba hakuwahi kula kwa hamu kama siku zile.

Alasiri moja nilikwenda kutengeneza vali ya sebuleni iliyokuwa ikivuja. Sebule ilikuwa na joto la kuvua sweta. Nikafungua mlango wa Bibi nikague na kwake, pumzi yangu ikatoka kama moshi. Alikuwa amejikunja ndani ya koti, midomo ya buluu, akisema maneno yasiyoeleweka. Hatetemeki tena, dalili kwamba baridi imekwisha kuushinda mwili. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamfunika, nikaita gari la wagonjwa.

Alipona baridi, lakini kiharusi kiliuchukua upande wake wa kulia. Na simu ya Mi-gyeong ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila siku na kila saa aliyozima. Hwan-gi aliisoma yote, kisha, mama yake alipokwisha kurudishwa nyumbani, akaniita.

"Kufuli uliyomfungia mama yangu, mfungie na huyu. Chumba chake, simu yangu. Aonje!"

Mi-gyeong alisimama palepale. "Mfungie tu, fundi," akasema. "Mimi baridi ya nyumba hii naijua."

Kitandani Bibi akajitahidi kwa nusu ya mdomo. "Mwanangu... makaa yale... niliyafungia mimi."

"Mama, nyamaza!"

Niliondoa kufuli ya kidhibiti cha Bibi, nikakusanya bisibisi zangu, nikatoka. Hwan-gi akatafuta fundi mwingine. Wiki haikuisha, Mi-gyeong akahamia kwa dada yake, mjini Samcheok. Sasa lori limeegeshwa, maana hakuna mwingine wa kumgeuza mgonjwa kitandani. Na mnajua Bibi anamwita nani kutwa? Si mwanawe. Anamwita Mi-gyeong.

MAFUNZO

Mkwe aliyeteswa, usingoje mkono wako upate nguvu ndipo useme. Sema mapema, mbele ya watu. Mama mkwe, uliyemwumiza muombe radhi ungali na mdomo mzima. Mume, kumtesa mtesaji hakumponyi mama yako. Nasi mafundi tusijifiche nyuma ya "nimetumwa tu": aliyekaza skrubu ya kisasi cha mwenzake amelipiza naye, tena bila hata kukosewa.