Waliolala Mhogoni Wakingoja Amri

Siku ile ilikuwa siku ya sabuni. Mwaka ule, baada ya vita vya Nduli, sabuni ikifika duka la ushirika kijiji kizima kinasimama foleni, na siku kama hiyo mtu haisahau. Mimi na mdogo wangu Adija tulitoka dukani na mche mmoja, tumeukata kati kwa uzi, tunacheka njia nzima. Muuzaji alikuwa amemtania, "Wewe mume hayupo, sabuni ya nini?" Adija akamjibu, "Ya kumwoshea akirudi. Ikibaki nitakuosha wewe mdomo."

Alikuwa na ulimi huo, mdogo wangu.

Mumewe, Bakary, alichukuliwa na mgambo wenzake kwenda vitani. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, wakapokewa Lindi kwa ngoma na maua ya karatasi. Yeye hakurudi. Wala hakuja mtu wa kusema, nimemzika kwa mikono yangu. Basi Adija akawa hana mume na hana eda. Aliishi na mama mkwe wake, Bi Somoe, mama mzaa Bakary, na mimi nilipofiwa na mume nikahamia kwao. Kijiji chetu cha ujamaa, huku nyuma ya Mchinga, kilipangwa kwa kamba, nyumba mistari mistari, na yetu ilikuwa ya mwisho. Ukifungua mlango wa uani, unatazamana na shamba la mhogo la kijiji.

Tulipofika na sabuni yetu tulimkuta kijana wa Kimakonde ameketi barazani, buti miguuni, mfuko mapajani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bi Somoe.

"Marahaba. Umetokea wapi, mla panya?" Sisi Wamwera na wao tunataniana, hakuna kununa.

"Kambini, mama. Panya wetu wamehamia kwenye mhogo wenu, ndiyo nimewafuata."

Tulicheka sote. Yeye hakucheka. Jina lake Leonadi, askari wa miguu, na alikuwa kikosi kimoja na Bakary. Akatoa kwenye mfuko kitabu alichokiandika mwenyewe kwa mkono, kurasa amezishona kwa uzi wa gunia. Ni kumbukumbu zake za vita, tangu walipovuka mto hadi mwisho.

"Shemeji," alimwambia Adija, "nilikuja nikwambie kwa mdomo. Mdomo umekataa. Tafuteni mtu awasomee."

Akaomba maji. Akanywa, akaomba mengine, akanywa, akaomba tena. Chakula hakukingoja.

Nyumbani kwetu hakuna aliyejua kusoma. Tulimwita Tekla, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, binti Mkristo aliyetokea Rondo, mwenye sauti tamu kama ya mtangazaji wa redio. Akaja kesho yake alasiri, tukatandika jamvi uani. Kabla hajafungua kitabu, Bi Somoe alitia makaa kwenye chetezo, akaweka ubani.

"Ubani wa nini, bibi?" Tekla aliuliza.

"Humo mna majina ya maiti. Majina ya maiti hayatajwi kwenye nyumba kavukavu."

Kwetu ndivyo. Kwenye hitima, ubani ukifuka na majina yakatajwa, waliotajwa huja kupokea dua yao. Huwaoni, lakini wapo. Ndiyo maana mwisho unafunga kwa Fatiha, watu wanakula sadaka, na wao wanarudi walikotoka. Ukiwaita, uwafunge. Jambo hilo hata mtoto analijua.

Tekla akasoma. Jamani, ilikuwa kama Leonadi yumo uani. Jinsi walivyotembea miguu ikavimba, jinsi walivyotafuna mchele mbichi, jinsi Bakary alivyowaambia wenzake kwamba haogopi sajini kwa sababu nyumbani ameacha mkali zaidi. Adija alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakabaki, kicheko kikaondoka.

Tukafika hapa. Maneno yake ninayo kichwani hadi leo:

"Tulilala kifudifudi kwenye mafunjo, tope limetufika kidevuni. Kulia kwangu Eusebio. Kushoto Valentini. Mbele yangu Bakary. Kiu ilitukaba na maji yametuzunguka, kwa sababu maji yale yalikuwa yamelaza maiti. Kamanda alisema, mtu asinyanyuke mpaka apewe amri."

Adhana ya magharibi ikalia. Tekla akakunja ncha ya ukurasa. "Tutaendelea kesho," akasema, akajifunga kanga yake, akaenda zake.

Yeye Mkristo, hakujua. Bi Somoe alijua. Baadaye aliniambia mikono yake ilikuwa imekwisha kunyanyuka kwa ajili ya Fatiha, akaishusha. Kitabuni mwanawe alikuwa bado hai, amelala tu, anangoja. Utamsomeaje Fatiha mtu aliye hai? Si ni kumzika kwa ulimi wako mwenyewe?

Tukauacha ubani ukajizimikia.

Asubuhi niliamka kuchota maji ya kunawa. Mtungi niliujaza mwenyewe jioni, hadi shingoni. Ulikuwa mtupu. Si kwamba umevuja, maana chini palikuwa pakavu. Na kata ya kuchotea ilikuwa imelazwa juu ya kifuniko, kifudifudi.

Alasiri Tekla akaja kuendelea. Kitabu hakikuonekana. Tulitafuta chini ya vitanda, darini, ndani ya vinu. "Labda panya wa Leonadi wamekichukua," Adija alisema. Alisema bila kucheka.

Siku ya kazi za kijiji ilipofika, balozi wetu wa nyumba kumi, Dadi, alituongoza wote mhogoni kupalilia. Hatukufika mbali. Mhogo ulikuwa umelazwa, hapa na hapa na pale, kila palipolazwa urefu wa mtu.

"Ngiri hao," alisema Dadi.

"Ngiri gani, balozi," akadakia mama mmoja, "wanaolala kwa mstari kama wanafunzi, na mhogo hawali?"

"Ngiri wa ujamaa," mwingine akasema, watu wakaangua kicheko.

Kisha yule wa kwanza akainama, akagusa udongo. Kilikuwa kiangazi kikavu, ardhi imepasuka. Palipolaliwa palikuwa na tope. Lilinuka kama kitu kilichokaa majini muda mrefu. Na vichwa vyote, ukifuata ile mistari, vilielekea nyumba yetu.

Dadi alitwambia uchawi ni adui wa maendeleo. Lakini alituambia akiwa ameshaanza kurudi.

Toka hapo hakuna aliyelima shamba lile. Mtungi tuliujaza jioni, asubuhi mtupu. Adija akaanza kukonda. Midomo ikampasuka. Akawa anakunywa na kunywa, na bado anasema ana kiu. Viwiko vyake vilikuwa na tope, na ulimi wake ule tuliouzoea ukanyamaza.

Mchana mmoja, jua utosini, kijiji kimelala usingizi wa baada ya chakula, nilisikia mtu akinong'ona nyuma ya nyumba. Nikasogea mlango wa uani. Adija alikuwa amechuchumaa penye mwisho wa ua, mtungi wa maji mbele yake, mgongo kwangu.

Mhogoni sauti ikauliza. Sauti ya mwanamume. Ya chinichini.

"Amri bado?"

Adija akajibu, "Bado."



Sauti nyingine, mbali kidogo. "Amri bado?"

"Bado, shemeji. Lala."

Nilimvuta kwa kanga mpaka ndani. Alikuwa mwepesi kama ungo.

"Kitabu unacho wewe," nikamwambia.

"Ninacho."

"Kilete kimalizwe, Adija. Hawa watu wameitwa hawakufungwa. Watakumaliza."

Akanitazama. "Dada, pale tulipoishia yu hai. Nasikia anavyopumua. Tekla akifungua ukurasa unaofuata, utanirudishia nani?"

Nilikwenda kwa Bi Somoe, na Bi Somoe akajitanda, akaenda kwa Mwalimu Abdurahmani wa chuo cha Kurani. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja tu. "Fungeni."

Tulipika wali wa nazi kwa mchele wa kukopakopa, nyumba hii kibaba, nyumba ile kibaba. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyempigia Adija magoti. Mama mkwe, kumpigia magoti mkaza mwana! "Mwanangu nimempoteza," alimwambia. "Usinipoteze na wewe." Adija akalia. Akakitoa kitabu kutoka kifuani. Alikuwa amekifunga kwa kitambaa, mwilini, siku zote zile.

Tekla akasoma, alasiri, ubani unafuka. Safari hii sauti yake ilikuwa kavu. Eusebio alinyanyuka kabla ya amri. Akafa. Valentini alipigwa akiwa amelala, wakadhani amesinzia. Wengine, na wengine. Kila jina likitajwa mhogo ulitikisika mahali fulani, na upepo haukuwepo.

Kisha akasoma hili: "Bakary aligeuka akaniambia, nakwenda kutafuta maji. Akatambaa mbele kwa viwiko. Mafunjo yakamfunika. Sikumwona tena."

Tekla akafunua ukurasa. Vita vikaendelea mahali pengine, mji mwingine, watu wengine. Akafunua, akafunua. Bakary hakutajwa tena hadi mwisho wa kitabu.

Mwalimu Abdurahmani akaanza dua. Akawarehemu mmoja mmoja, hata Eusebio na Valentini ambao hawakuwa wa dini yetu, akasema Mungu anawajua walio wake. Akafika mwisho, akasita.

"Na Bakary?"

Bi Somoe alifungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Adija. Sote tukamtazama.

"Bakary hakufa," Adija alisema. "Mmesikia wenyewe. Amekwenda kutafuta maji. Asitajwe."

"Mwanangu," Mwalimu akamwambia polepole, "asiyetajwa haondoki."

"Ndivyo ninavyotaka."

Mwalimu alingoja. Ubani ulikuwa unaishia. Akanyanyua mikono, akafunga kwa Fatiha, Bakary nje yake.

Hapo tuliwasikia. Wallahi tuliwasikia. Watu wengi wakinyanyuka kwa pamoja kutoka topeni, nguo zimelowa, buti zinanyonya matope, wakaondoka kuelekea bara, wakifuatana. Sauti ikafifia. Ikaisha. Tekla alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimezama. Bi Somoe akashusha pumzi, akasema Alhamdulillahi, akavuta sinia la wali.

Mle mhogoni, mmoja akakohoa.

Adija alitabasamu. Akamega tonge, akala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akala akashiba.

Alikaa nasi kidogo tu. Hata alinenepa, akarudi kutania watu dukani. Kisha asubuhi moja nilikuta jamvi lake limekunjwa vizuri, kanga zake zote zipo, viatu vipo. Mlango wa uani wazi.

Dadi aliwakusanya wanaume. Alama zilianzia penye mwisho wa ua, pale alipokuwa akichuchumaa. Hazikuwa za nyayo. Zilikuwa za viwiko na magoti, za watu wawili, bega kwa bega. Zilipita katikati ya mhogo, zikavuka barabara ya changarawe, zikaingia porini upande wa bara. Nilikwenda nao, hakuna aliyethubutu kunizuia.

Zilifika kwenye korongo la mto wetu, ule ambao kiangazi unabaki mchanga mtupu, mweupe, unaounguza unyayo. Pale katikati ya mchanga zikakoma. Mbele hapana kitu. Pembeni hapana kitu. Palikuwa na alama za vifua viwili vilivyolazwa kifudifudi, kama watu walioinama kunywa, na ubavuni mwa kimoja mkono uliokandamizwa hadi kwenye kifundo, duara la bangili ya Adija limechapika vizuri, kila nakshi yake.

Nilitia kidole ndani ya lile duara. Palikuwa na maji.

Wanaume walichimba kando yake kwa majembe, urefu wa mtu, mchanga mkavu hadi chini. Siku zote zilizobaki za kiangazi nilikwenda pale adhuhuri, jua likiwa kali kuliko yote. Upepo ulikuwa umefuta kila kitu kingine. Ile alama ya bangili ilikuwa bado ipo, na bado ina maji.