Mshipa Ambao Sindre Hakuutafuta

"Dada, hilo la mwisho ni langu!"

Torunn aligeuka na koti lake la mvua la njano, andazi la mdalasini tayari mdomoni. "Lilikuwa lako," akamwambia Sindre huku anatafuna. Duka zima la mikate likacheka.

Jumatatu wakakutana tena, safari hii hospitalini, hapohapo mjini Bergen, Norway. Torunn daktari mpya wa usingizi, Sindre mpasuaji wa maini. Sijui nani alimwanza mwenzake, ila baada ya miezi minane walikuwa hawaachani.

"Mpenzi, hospitali ya Tromsø, kule kaskazini kwenye baridi kali, wamenipa kazi," Torunn alimwambia kwenye simu. "Wanataka jibu Ijumaa."

"Waambie una mtu hapa."

"Mtu gani huyo, mbona hajanioa?"

Sindre akacheka tu. Wanaume bwana!

Jumanne wakamlaza mezani mwalimu wa muziki, mama wa watoto wawili, ana uvimbe kwenye ini. Ini limejaa damu, hulikati ovyo. Torunn hupunguza maji ya dripu ili mishipa isivimbe. Sindre huibana mishipa inayoingiza damu kwa dakika kumi na tano, huiachia kwa tano, kisha hubana tena. Siku hiyo alibana, akakata, na damu ikafurika vilevile.

"Torunn, umefungulia maji!"

"Sijafungulia. Angalia kushoto, huenda kuna mshipa mwingine."

"Nimesema funga!"

Watu saba walisikia. Dakika tatu nzima zikapita ndipo Sindre alipoupata: mshipa wa ziada, kushoto kabisa, ambao baadhi ya watu huzaliwa nao. Akaubana, damu ikakata. Mgonjwa alipona, lakini Sindre alivua glavu akaondoka zake.

Jioni akapiga simu. "Mpenzi, nisamehe."

"Unanifokea mbele ya watu, halafu unaniomba msamaha kwenye simu? Kwaheri, Sindre."

Kuanzia hapo hakupokea tena.

Ijumaa asubuhi idara nzima hukaa, na kila mpasuaji husema mgonjwa wake alipoteza damu kiasi gani. Sindre alisimama, shati limepigwa pasi.

"Lita mbili na nusu. Sababu ni mimi. Kulikuwa na mshipa wa ziada, sikuutafuta. Daktari Torunn aliniambia, nikamfokea. Alisema kweli, na nilimkosea."

Torunn alijifuta machozi kwa mkono wa koti.

Akamkuta Sindre kwenye korido. "Nimeshawajibu Tromsø, mpenzi. Jana. Naenda."

Sindre alinyong'onyea kabisa. Kisha akamshika mkono.

"Basi na mimi nitaomba kazi huko. Utakubali nikuoe?"

"Kazi kawaombe wenyewe," Torunn akasema, akimtengeneza kola. "Kunioa, njoo na koti zito."