Ufunguo wa Pili

Kila asubuhi Chelagat aliwasha jiko akapika chai ya watu wawili. Kisha alikumbuka kwamba yuko peke yake. Kikombe cha pili alikinywa saa nne, chai ikiwa imepoa.

Mume wake, Kibii, alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwana wao wa pekee, Kigen, anafanya kazi Doha. Kwa jina la mwanawe watu humwita Chelagat Mama Kigen. Kwao ni Kuresoi, kule juu kwenye baridi na viazi. Shamba la huko alimkodishia jirani yake, Kemboi. Yeye akahamia Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Kwa kiinua mgongo cha Kibii alijenga nyumba yake ndogo na vyumba vitatu vya kupangisha. Milango yote mitatu ilitazama mlango wake.

"Sasa nitakuwa na watu," alimwambia Kigen kwa simu.

Watu walikuja, tena haraka, maana vyumba vilikuwa vizuri. Sakafu ilikuwa laini, maji yalikuwepo na stima pia. Walikuja, wakakaa kidogo, wakaondoka. Chelagat hakuelewa kwa nini.

Kila mlango ulikuwa na kitasa chenye funguo mbili. Ufunguo mmoja alipewa mpangaji. Wa pili ulikaa katika mfuko wa aproni ya Chelagat, na haukukaa bure. Mpangaji akienda kazini, Chelagat aliingia. Alifagia. Aliosha vyombo. Aliacha ugali na mboga mezani. Kwao Kuresoi milango haifungwi mchana. Jirani huja kuomba chumvi, akapiga hodi huku tayari ameketi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Chelagat aliichukua methali hiyo jinsi ilivyo.

Mpangaji mmoja aliitwa Joash. Alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo alilala mchana. Siku moja Chelagat aliingia kwake na ufagio mkono mmoja, bakuli la viazi mkono mwingine. Akavuta pazia.

"Amka ule, kijana."

Joash aliruka kutoka kitandani akitafuta suruali.

"Mathe! Umeingia aje?"

"Si na ufunguo? Kula, viazi vitapoa."

Wiki hiyo hiyo Joash alifunga virago. Alisema amepata kazi Naivasha. Chelagat alimwombea safari njema, akamfungia na maandazi ya njiani. Moyo wake uliuma, lakini kazi ni kazi. Baada ya Joash aliondoka mama mmoja na mtoto wake. Kisha akaondoka yule wa chumba cha tatu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa na adabu nyingi.

Vyumba vikabaki vitupu. Upepo ulileta vumbi hadi kwenye vizingiti, na hapakuwa na nyayo za mtu. Chelagat alifagia hilo vumbi kila siku. Alikuwa mpweke, tena mpweke sana. Redio aliiwasha asubuhi akaizima akienda kulala, ili tu asikie mtu akizungumza.

Jumapili moja Kigen alipiga simu.

"Mama, hiyo ploti bado haina watu?"

"Watakuja, mwanangu."

"Ulisema hivyo hata Pasaka. Sikiza, ikifika Desemba kama hakuna wapangaji, tuiuze. Wewe urudi Kuresoi."

Kule Kuresoi, kando ya meko, kulikuwa na kiti cha Kibii. Chelagat hakutaka kumaliza siku zake akikitazama kile kiti.

Siku chache baadaye alienda soko la Kaptembwo kununua maharagwe. Mbele yake alisimama kijana akichagua nyanya. Mabega yale aliyajua.

"Joash! Si wewe uko Naivasha?"

Joash aliangalia viatu vyake.

"Sikuenda Naivasha, mathe."

"Unakaa wapi?"

Joash alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya soko kulikuwa na safu ya vyumba vya mabati yenye kutu.

"Hapo? Si mvua inaingia?"

"Inaingia, mathe. Choo nayo ni moja, watu wote." Alirudisha nyanya kwenye fungu. "Lakini nikifunga mlango, umefungwa. Pole. Wewe ni mtu mzuri. Nilishindwa kukuambia."

Chelagat alirudi nyumbani bila maharagwe. Aliketi kwenye ngazi ya chumba cha Joash akalia.

Hapo ndipo Mama Kiarie alipomkuta. Mama Kiarie ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Ana ploti ya vyumba vinane, na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho chumba chake kukaa kitupu. Ni mama wa maneno machache, na hayo machache hayana sukari.

"Mama Kigen, ni nini? Nani amekufa?"

Chelagat alimweleza yote. Alipofika kwenye viazi na suruali, Mama Kiarie aliuma midomo asicheke.

"Ngoja. Ulikuwa unaingia kwa nyumba za watu na ufunguo wako?"

"Nyumba za watu? Si ni mimi nilijenga!" Chelagat alifoka. "Nimewafagilia. Nimewapikia. Kuna makosa gani hapo?"

"Shamba lako la Kuresoi, nani analima?"

"Kemboi. Amekodi."

"Saa hii amepanda nini?"

"Viazi."

"Basi wewe ukienda nyumbani, unaingia kwa shamba unachimba vile viazi?"

"Aka! Huo si ni wizi? Amelipa. Msimu ni wake."

"Hata ukiingia kumpalilia tu, bila kumwambia?"

"Atashangaa. Atauliza natafuta nini huko."

Mama Kiarie aliketi kando yake kwenye ngazi, akangoja. Chelagat alitoa funguo mfukoni, akazitazama muda mrefu.

"Na chumba pia ni hivyo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ni hivyo. Shamba ni lako, lakini msimu ni wa aliyelipa. Na si maneno yangu. Sheria inampa mpangaji haki ya kukaa kwa amani bila landilodi kumsumbua."

"Sasa nikitaka kuona kama paa linavuja?"

"Unampigia simu. Mnaelewana siku. Unaenda akiwa ndani, unabisha mlango."

"Na kukishika moto, ama bomba ipasuke na yeye hayuko?"

"Hiyo ni hatari, utaingia. Lakini uite jirani muingie pamoja, na umpigie simu hapo hapo. Si kufagia, Mama Kigen. Ni kuzima moto."

Chelagat alicheka kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni. Mama Kiarie aliendelea. Alimwambia ang'oe vitasa, aweke komeo, kila mpangaji aje na kufuli lake mwenyewe. Alimwambia aandikiane mkataba na kila mpangaji, hata wa ukurasa mmoja. Uonyeshe kodi ni ngapi na inalipwa lini. Deposit, yaani amana, ni ngapi, na itarudishwa vipi. Nani atatengeneza kitu kikiharibika. Anayetaka kuhama atoe notisi ya muda gani. Kila upande ubaki na nakala yake. Na kabla mpangaji hajaingia, wazunguke chumba wote wawili wapige picha kila ufa, ili siku ya kuhama pasiwe na ugomvi.

"Na chakula?" Chelagat aliuliza. "Nisiwape hata chakula?"

"Mpe akiwa mlangoni kwako, kama anataka. Usimwekee kwa meza yake." Mama Kiarie alisita. Kwa mara ya kwanza alitafuta maneno. "Mama Kigen, nikuambie ukweli. Wewe hukuwa unatafuta wapangaji. Ulikuwa unatafuta watoto. Huyo mtu amekodi chumba. Hakukodi mama."

Neno hilo liliingia kama mwiba. Chelagat aligeuza uso.

"Alhamisi tuna chama cha akina mama, kwangu," alisema Mama Kiarie akiinuka. "Kuja. Huko tunaingiliana mpaka kwa masufuria."

Fundi alikuja akang'oa vitasa. Chelagat aliziweka funguo zote sita ndani ya mkebe wa majani chai, pamoja na vitasa vyake, akampa fundi aende navyo. Mfuko wa aproni ukawa mwepesi. Mara nyingi siku hiyo aliupapasa.

Mpangaji wa kwanza alikuwa Emmy, msichana wa Marigat anayeshona nguo mjini. Walizunguka chumba pamoja. Walipiga picha kioo kilichopasuka, na Chelagat akakibadilisha kabla Emmy hajahamia. Walitia sahihi mkataba. Emmy akafunga mlango kwa kufuli lake la rangi ya manjano.

"Ufunguo mwingine uko na nani?" Emmy aliuliza, huku akimtazama Chelagat usoni.

"Ziko na wewe zote, mwanangu."

Kusema ni rahisi. Wiki ya pili Emmy hakwenda kazini. Mlango ulifungwa kwa ndani. Chelagat alisikia kikohozi, kisha kimya, kisha kikohozi tena. Alipika uji. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, ukakuta mfuko mtupu. Alisimama nje ya mlango akiwa na kikombe. Akabisha.

"Hodi. Emmy, ni mimi, Mama Kigen."

"Niko na homa tu, mathe. Nimekunywa dawa. Wacha nilale."

"Haya. Uji uko kwangu. Ukitaka kitu, niite."

Alirudi kwake akaketi na ule uji. Ulikuwa mchana mrefu kuliko yote aliyowahi kukaa Kiamunyi. Hatua zilikuwa chache tu kutoka mlango hadi mlango, na hakuzivuka. Jioni alisikia kubisha. Emmy alisimama kizingitini amejifunga shuka.

"Ule uji bado uko?"

Mwezi uliofuata Emmy alileta rafiki yake wa kazini, akachukua chumba cha pili. "Nilimwambia hapa landilodi anabisha mlango," Emmy alieleza. Chumba cha tatu kilikaa kitupu hadi Oktoba, kikapata mwalimu na mkewe. Kigen aliposikia, alicheka kwa simu.

"Basi hatuuzi, Mama."

"Nani alikuwa auze?" alijibu Chelagat.

Alhamisi alienda chama. Siku nyingine alikaa peke yake, na upweke ulikuwepo, usidanganywe. Kiti cha Kibii hakijazwi na mpangaji. Lakini jioni aliona taa tatu ng'ambo ya ua, na hilo lilimsaidia kulala.

Desemba ilifika. Emmy alikuwa anaenda kwao Marigat kwa Krismasi. Asubuhi ya safari alikuja na begi mgongoni, akamwekea Chelagat kitu kidogo kiganjani.

"Mama, niko na maua kwa mikebe pale dirishani. Nisaidie kuyamwagilia."

Ulikuwa ufunguo wa kufuli la manjano.

Chelagat alimsindikiza hadi langoni akampungia mkono. Wapangaji wengine nao walikuwa wameshasafiri. Ua ulikuwa kimya, upepo tu.

Kesho yake alichota maji kwenye jagi, akavuka ua. Alijua hakuna mtu ndani. Alisimama mbele ya mlango, akabisha.

"Hodi," alisema.

Akangoja kidogo, ndipo akafungua.