Mbavu za Merikebu ya Baba

Kila alipotoka shule, Sindano alivua viatu mlangoni, akabandika chai jikoni, kisha akaenda kumwamkia baba yake kwenye meza ya karibu na dirisha. Jina hilo alipewa na baba huyohuyo, kwa wembamba wake na kwa macho yake makali yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Sindano. Njoo uone leo tumefika wapi."

Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango. Maduka mengi ya mtaa ule yalibeba herufi zake, nene na zilizonyooka kama zimepigwa rula. Kisha kiharusi kikampiga. Miguu ilirudi taratibu, ulimi nao ukarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka kama jani. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwenye sauti ya chini aliyekuja kila wiki kumfanyisha mazoezi, alisema mkono ule unataka kazi ndogondogo za kushikashika. Ndipo shangazi alipoleta sanduku la vipande vya kuundia merikebu ndogo ya matanga: vibao vyembamba, nyuzi, milingoti, chupa ya gundi na karatasi ya michoro.

"Afanye mwenyewe," mtaalamu alisisitiza. "Wewe Sindano, kazi yako ni kumsomea maelekezo tu."

Mkuku, yaani ule ubao mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, ulikaa vizuri. Ugumu ulianza kwenye mataruma, mbavu za merikebu, ambazo husimamishwa juu ya mkuku moja baada ya nyingine. Baba alipaka gundi taruma la kwanza, akalibana kwa kibanio cha nguo, jasho likimtoka. Likasimama upande kama mlevi. La pili likaja kuliegemea la kwanza.

Sindano alitazama picha iliyokuwa juu ya sanduku, akatazama kazi ya baba, moyo ukamuuma. Baba alipomeza dawa zake za mchana na kwenda kujilaza, Sindano alilowesha kitambaa, akalainisha gundi, akayang'oa mataruma yote mawili na kuyabandika upya. Yakasimama wima kama askari wa gwaride.

Baba alipoamka, aliinama juu ya meza, akatabasamu. "Kumbe leo mkono umenitii."

Tabasamu lile lilimlevya Sindano. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi: baba anabandika, baba analala, Sindano ananyoosha. Merikebu ikapendeza. Wema gani tena unaozidi huu, alijiambia.

Lakini nyumba ikaanza kubadilika kwa namna ambayo hakuielewa. Siku moja baba alisimama mbele ya meza kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya taruma moja.

"Sindano, hivi alama ya penseli sikuiweka upande wa dirisha?"

Sindano alikuwa amelinyoosha taruma hilo na kuligeuza bila kuiona alama. "Hapana, baba. Uliweka hivyohivyo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba akatikisa kichwa polepole. Kesho yake aliuliza kama amekwisha kumeza dawa, na baada ya muda mfupi akauliza tena. Akaacha kwenda dukani peke yake, eti asije akapotea. Jioni moja Sindano alimsikia akimwambia mama jikoni, "Mke wangu, nadhani kichwa kimeanza kuniacha. Nafanya jambo hivi, nikirudi nalikuta vingine."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu yake kwenye kiwanda cha mikate, unga ungali kwenye nyusi. Aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Sindano alichanganyikiwa. Merikebu inanyooka, baba anapinda. Alijaribu kuyaunganisha mambo hayo mawili, yakakataa kuungana. Au labda ni yeye aliyekataa. Siku moja aliamua kuliacha taruma la baba jinsi lilivyo, lakini likaonekana baya mno katikati ya mazuri, akalinyoosha nalo. Akiacha, baba atajua. Akiendelea, baba atazidi kuumia. Kila alikogeukia alikuta ukuta.

Wiki hiyo mtaalamu alipokuja, aliinua merikebu na kuizungusha mikononi. "Mbona mmenificha? Mkono huu umepona. Hebu nibandikie taruma moja nikiona."

Baba akabandika. Mkono ukatetemeka, gundi ikamwagika, taruma likalala upande.

Mtaalamu alilitazama, akayatazama mengine. "Sielewi. Hii ni kazi ya watu wawili."

"Shida si mkono, daktari," baba alisema, macho sakafuni. "Shida ni kichwa. Sikumbuki ninachokifanya. Kama akili ndiyo inaondoka, niambie mapema niwaage wateja wangu."

Mtaalamu akatoa simu. "Basi tusichelewe. Nitaongea na daktari wa magonjwa ya ubongo, akuanzishie vipimo, na dawa ikibidi."

Sindano alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Baba hajasahau kitu," alisema. "Mimi ndiye ninayeyang'oa akilala."

Kisha baba akauliza, "Ile alama ya penseli?"

"Ilikuwa upande wa dirisha, baba. Nililigeuza mimi."

"Na kibanio nilichokiacha kwenye lile linalofuata?"

"Ulikiacha. Nilikitoa mimi."

Baba akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Sindano alingoja kuchapwa au kukumbatiwa, asipate hata kimoja. Baba aliinuka, akatoka uani bila kumtazama.

Mtaalamu alirudisha simu mkobani. "Ungekaa kimya leo," alimwambia Sindano, "baba yako angetibiwa ugonjwa asio nao." Sindano alibaki ameshika sinia, hajui kama amejenga au amebomoa.

Kesho yake baba aliweka kitambaa kilicholowa mbele yake. "Yang'oe yote."

Akayang'oa, machozi yakidondokea mbao. Baba akaanza upya kwa mkono wake, na Sindano akasoma maelekezo, asiguse kitu. Mara kumi alitamani kunyoosha, mara kumi akajizuia.

Majuma yakapita. Siku taruma la mwisho lilipokauka, mtaalamu alipitisha kidole juu ya mbavu zote, mama na Sindano wakitazama. Za nyuma zilikuwa zimelala, za katikati ziliyumba, na kadiri zilivyoelekea mbele zilizidi kunyooka.

"Sasa naona mkono unavyorudi," alisema. "Wiki ijayo tuanze na brashi."

Alipokwisha kuondoka, Sindano alikaa karibu na baba. "Baba, mimi nilitaka kukusaidia. Sasa mbona nilikuumiza?"

"Makosa yangu, mwanangu, ndiyo yaliyokuwa yakinionyesha njia. Ulipoyaficha ulinizimia taa, na nilipokuuliza ukaniambia inawaka. Nikaona bora nisiamini macho yangu kuliko kutokukuamini wewe. Uongo hata ukiupaka asali, anayeumeza ataumwa tumbo. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, kisha kaa naye."

Sindano aliitazama merikebu. "Basi nikwambie kweli, baba. Huku nyuma imepinda sana."

Baba akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia kwa muda mrefu.

"Najua," alisema. "Hapo ndipo nilipoanzia."