Kivuli cha Pili cha Igawa

Fanueli alikutwa amekufa Alhamisi, tarehe 19 Septemba 1957, saa moja asubuhi, ndani ya kibanda cha nyasi alimojificha kupiga picha za ndege kando ya kinamasi cha Igawa. Mkanda wa kamera ulikuwa umemkaza shingoni. Nje, hatua kumi, korongo mmoja alisimama akitazama mlango wa kibanda. Hakuruka hata polisi walipoibeba maiti.

Sajini Asukile aliandika: kibanda kinatazama kaskazini. Korongo hana kidole kimoja cha mguu wa kulia. Mfukoni mwa marehemu mna picha ya bundi akiruka. Juu ya kichwa cha bundi pana duara la penseli. Filamu ina nafasi nane ambazo hazijapigwa.

Filamu ilisafishwa Mbeya, katika studio ya Bwana Ashok, na fundi wake Danieli, mtu wa kofia yenye unyoya mrefu, asiyeivua hata ndani ya nyumba. Ijumaa saa nne alileta kituoni picha ya mwisho.

"Tazama, Afande. Kivuli cha korongo kimelala kushoto, yaani magharibi. Jua lilikuwa mashariki. Hiyo ni asubuhi. Na angekuwa hai mpaka jioni, Fanueli asingeacha nafasi nane bila kuzipiga."

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya maiti kuonekana, Fanueli alikuwa na mtu mmoja tu: Jailos, aliyekijenga kibanda. Jioni Jailos alikuwa kanisani mbele ya watu thelathini. Danieli naye asubuhi alikuwa studio. Aliondoka Mbeya saa sita mchana.

Picha hiyo ikamtia Jailos ndani. Alishika nondo za mahabusu. "Kesho napelekwa Iringa, Afande. Watanitia kitanzi. Nilimwacha saa tatu, ananitania eti nakoroma nikiwa macho. Sasa picha inasema ni mimi. Picha ina mdomo?"

"Haina. Aliyeileta ndiye anayeisemea."

Asukile aliitazama tena kwa lenzi. Akahesabu vidole vya korongo, akahesabu tena. Saa tisa alasiri alikuwa studio.

"Danieli, kona hii ya kulia mbona nyeusi kama masizi?"

"Mwanga uliingia kwenye kamera, Afande."

Bwana Ashok aliguna. "Wewe Danieli! Mwanga ukiingia, filamu inaungua, karatasi inatoka nyeupe. Nyeusi hii umeipika mwenyewe chini ya mashine ya kuchapia. Umeiachia kona mwanga mrefu."

"Tena korongo wa Igawa hana kidole cha mguu wa kulia," alisema Asukile. "Huyu wako hana cha kushoto. Filamu uliilaza kifudifudi. Kulia kukawa kushoto, jioni ikawa asubuhi."

"Makorongo wako wengi, Afande."

"Basi Bwana Ashok aichape upya."

Wakaingia chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu, karatasi ilielea ndani ya dawa ikiwa tupu. Kwanza ukatoka mdomo wa korongo, kisha jicho. Kivuli chake kikalala kulia. Halafu kwenye kona ya kushoto, polepole, kama mtu anayeinuka kutoka chini ya maji, kikatokea kivuli cha pili: mabega, kofia, unyoya mrefu.

Mkono wa Danieli ulikwenda kichwani.

Asukile akamwekea mbele picha ya bundi. "Na huyu?"

"Huyo alikuwa mfu," Danieli alisema kwa sauti ndogo. "Nilimjaza pamba, nikamning'iniza kwa uzi. Uzi nikaufuta kwa brashi. Jumamosi picha ingeonyeshwa Iringa kwenye maonyesho, kwa jina langu. Fanueli akaiona alama ya uzi, akaizungushia penseli. Akasema atasimama mbele ya wote aseme. Nilimfuata Igawa nimbembeleze. Akanisikia nje, akasema, 'Ngoja, ndege ametulia.' Akabonyeza. Ndipo nikaingia. Sikujua kama kivuli changu kimo, mpaka kiliponijia humu, kwenye beseni."

"Ungeiharibu filamu. Ungesema imeungua."

Danieli aliitazama picha iliyokuwa ikichuruzika maji. "Mkono ulikataa, Afande. Tazama mwanga kwenye manyoya yale. Miaka kumi na miwili sijapata mwanga kama ule."

Saa kumi na mbili jioni Asukile alifungua mlango wa mahabusu, akampa Jailos picha ambayo bado ilikuwa mbichi. Jailos aliisogeza karibu na dirisha, akapitisha ukucha juu ya mguu wa kulia wa ndege.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe."