Sukari Kwenye Kisahani cha Ukungu

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia maabara alikofanya kazi shangazi yake. Alikaa karibu na dirisha, akafanya hesabu huku mdomo haufungiki. Ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Shangazi alichunguza ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliolala.

"Ukungu hauna meno, mwanangu," alimweleza. "Una vimeng'enya vya kuvunja chakula. Na kila kimeng'enya kina jeni yake, yaani maagizo ya kukitengeneza. Ukungu huu nimeuondolea jeni moja, kisha nikaupa wanga mtupu. Ukishindwa kuula, nitajua kazi ya jeni ile."

"Kwa hiyo unaulaza njaa?"

"Ndiyo, maskini ya Mungu!" Shangazi alicheka, akatoka kidogo.

Chiriku akautazama. Ulikuwa kijidoa tu, umenywea. Roho ikamuuma. Akachota sukari ya chai, akafunua kisahani cha ukungu, akanyunyiza, akafunika.

Wiki iliyofuata ukungu ulikuwa umejaa kisahani kizima. Chiriku nusura apige vigelegele, mpaka alipouona uso wa shangazi.

"Nilikosea jeni," shangazi alimwambia fundi wa maabara. "Wanga umeliwa. Kazi yote imekwenda na maji. Kesho namwambia mkuu tuiache."

"Labda ukungu ulificha meno ya akiba," fundi alitania. Hakuna aliyecheka. "Na wewe Chiriku, leo umemeza ulimi?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Akisema, huenda asikanyage tena pale. Asiposema, shangazi ataitupa kazi yake kwa kosa lisilo lake.

"Shangazi..." Akamsogelea. "Niliupa sukari. Niliuonea huruma."

Shangazi hakumkemea. Alimtazama tu, na macho yale yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Kisha akaandaa kisahani kingine cha ukungu uleule, chenye wanga peke yake. Siku zikapita, ukungu ukabaki kijidoa vilevile. Jeni ile ndiyo ilikuwa yenyewe!

Fundi alipiga makofi. Chiriku hakuthubutu kuinua macho.

"Njoo hapa," shangazi alimwita. "Huruma yako siilaumu. Lakini kazi ya mtu haiguswi bila kuuliza. Na ukishaigusa, sema mapema, hata kama aibu inakukaba koo. Ungenyamaza, ningeutupa ukweli kwa mikono yangu mwenyewe, nikidhani ni kosa."

"Nisamehe, shangazi."

"Nilikusamehe uliposema. Sasa inua uso, tuutazame ukungu pamoja."