Sauti ya Mwalimu

Kilichoanza kumtatiza Masikio kilikuwa pumzi. Haikuwa yake, wala ya mkewe. Ilikuwa ya mtu fulani ndani ya wimbo, nyuma ya mwimbaji, akivuta hewa kama anayetaka kusema neno, halafu akaghairi.

Watu walimwita Masikio kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza. Maduka yalimletea spika na redio, akakaa nazo nyumbani, akazipima, kisha akaeleza gazetini kipi kinafaa na kipi ni kelele tupu. Safari hii mwagizaji mmoja wa vyombo hivyo kutoka ng'ambo alimwachia mashine ya kuchezea sidii, ya bei ya kutisha, nzito kama jiwe la kusagia, yenye kidroo kilichotoka na kurudi bila mlio wowote.

Kila chombo alikijaribu kwa sidii ileile, ya mama mmoja aliyeimba akipigiwa gitaa. Aliijua nje ndani: pale kiti kinapolia, pale kidole kinapoteleza kwenye uzi. Pumzi ile hakuwahi kuisikia. Alifurahi, akamwambia mkewe kwamba mashine hiyo inafukua hata yale ambayo waliorekodi hawakujua wameyarekodi. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Akasogeza spika, akafunga mapazia, akasikiliza tena. Kila aliporudia, pumzi ilikuwa karibu zaidi.

Mkewe alifundisha watoto wadogo, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake hata akikaripia; darasa zima likilia, aliimba tu, watoto wakanyamaza mmoja mmoja. Jumamosi mchana Masikio akamkalisha kwenye kiti cha katikati, sauti za spika mbili zinapokutana, akamwomba asikilize na yeye. Mwalimu akafumba macho. Alipoyafumbua, uso ulikuwa umembadilika.

"Umemsikia?" Masikio akauliza.

"Ameniita," mkewe akanong'ona. "Kwa jina la utotoni. Hata wewe hulijui."

Masikio akazima mashine. Sebule ikaanza kunuka nywele zilizoungua, na wakafungua madirisha yote, lakini harufu haikutoka.

Kesho yake Mwalimu aliamka koo limekauka. Wakadhani ni mafua. Daktari alimmulika, akasema koo ni zima kabisa, apumzike. Akapumzika, na sauti ikazidi kufifia, mpaka ikabaki kama karatasi inayokunjwa. Kisha asubuhi moja walikuwa jikoni, Masikio akikoroga uji, mkewe akageuka kumwomba sukari, akafungua mdomo, midomo ikacheza vizuri kabisa, na pale jikoni hakikutoka kitu, ila kule sebuleni, kwenye spika ambazo Masikio mwenyewe alikuwa amezichomoa waya na kuzigeuzia ukutani, kukasikika sauti ya Mwalimu, nzima, safi, na kile kicheko chake ndani, ikisema, "Nipe sukari, mume wangu," halafu, baada ya Mwalimu kuufunga mdomo wake na kuuziba kwa viganja viwili, sauti ikaendelea peke yake, polepole, kama mtoto anayejaribu viatu vya mama yake, ikirudia, "Nipe. Nipe. Nipe."

Masikio alimpigia simu shangazi yake Mwalimu, aliyesifika kwa kutoa majini. Alifika mchana huohuo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, akawasha ubani mbele ya mashine. Moshi haukupanda. Ulijikunja, ukaelekea kwenye kidroo kilichofungwa, ukaingia wote kama maji yanavyoingia mchangani.

Shangazi akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemo na anataka nini.

"Sitaki kitu," spika zikajibu kwa sauti ya Mwalimu. "Nilikaa kimya sana. Huyu bwana alinisikiliza siku baada ya siku. Hakuna aliyewahi kunitafuta hivyo. Nilikosa sauti tu ya kumjibu, na sasa ninayo."

Masikio akapiga magoti sakafuni, akamwambia achukue yake, amwachie mkewe. Sauti ikacheka. Sauti ya Masikio haikuwa nzuri, ikasema.

Shangazi aliwatoa wote nje. Alikiri kwamba hajawahi kukutana na jini wa namna hii, ila kuna dawa atakayoitengeneza kwake, na kesho Masikio amfuate kwa gari. "Lakini sikiliza, mkwe wangu," akasema. "Mashine isivuke mlango huu. Ikitoka na sauti imo, mimi sina tena la kufanya."

Masikio akampigia mwagizaji kuomba aendelee kukaa na mashine. Mwagizaji akasema hakuna shida.

Kesho yake akamfuata shangazi. Waliporudi walimkuta Mwalimu ameketi kizingitini, kucha zimevunjika, ameshika kipande cha waya. Sebuleni kwenye meza palikuwa na alama nne tu za miguu ya mashine.

Masikio aliendesha hadi dukani bila kujua amepita barabara gani. Mwagizaji alimpokea kwa bashasha, akaomba radhi: alikuwa amejitokeza mteja mwenye haraka, msafiri, ndipo akawatuma wapagazi wawili. Akamsifia mke wa Masikio. Wapagazi walisema aliwakaribisha kwa sauti kutoka ndani, mlango uko wazi, ingieni mchukue. Alipotokea akajitandaza mlangoni, akawavuta mashati, huku wakimsikia akicheka na kusema anawatania tu, chukueni. Wakacheka naye, wakamsogeza kando, wakabeba.

"Huyo mteja yuko wapi?"

Mwagizaji hakujua. Ameshasafiri nayo, hakuacha jina wala namba. "Ila tuliijaribu hapahapa kwanza," akasema. "Kuna mama anawaimbia watoto. Yule bwana machozi yalimtoka. Alisema hajawahi kusikia sauti iliyo hai namna ile."

Masikio alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Shangazi alikuwa amekaa uani na chupa ya dawa mapajani, haijafunguliwa. Alipomwona anashuka mikono mitupu, akainuka, akaimwaga dawa yote chini, akaenda kusimama mbali.

Mwalimu akaja mbele ya mumewe. Akasogeza midomo taratibu, silabi moja moja, ili aweze kuisoma: imepatikana?

Masikio akatikisa kichwa.

Mkewe akaangua kilio. Mabega yalitikisika, mdomo ukapanuka, mishipa ya shingo ikasimama, na pale uani hapakusikika chochote isipokuwa mlango wa jirani ukifungwa. Masikio akamkumbatia, akakihisi kilio kile kikipiga kifuani mwake, akajua kwamba mahali fulani, katika sebule ya mtu asiyemjua, kinasikika vizuri sana.